Namna ya Kujenga Sendika Isiyonyauka: Yaliyowapata Wamarekani na Yanayotuhusu Sisi wa Lubumbashi

Mwongozo huu unawahusu wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaotaka kuanzisha sendika, yaani chama cha wafanyakazi, mahali pao pa kazi, pamoja na wale ambao tayari wana sendika lakini wanaiona tu kwenye karatasi ya mshahara, pale mchango unapokatwa kila mwisho wa mwezi. Nimeamua kueleza kazi hiyo kwa kupitia habari za Marekani, kwa sababu nchi hiyo ilikuwa na sendika zenye nguvu kubwa, zikapungua mbele ya macho ya wanachama wenyewe, na leo kuna vijana wanaojaribu kuziinua upya. Anayefuatilia mambo hayo kwa makini anaona waziwazi ni wapi palipovunjika na ni nini kinachoshika.

Katikati ya miaka ya 1950, karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa mshahara nchini Marekani walikuwa wanachama wa sendika. Mwaka 1983 walikuwa asilimia 20.1, na mwaka 2024 walibaki asilimia 9.9. Ukiwaweka kando walimu, wazima moto na watumishi wengine wa serikali, ukaangalia kampuni za watu binafsi peke yake, unakuta karibu asilimia 6. Hata hivyo, katika mwaka huohuo wa 2024, kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kwamba Wamarekani 70 katika kila 100 wanaziunga mkono sendika. Ninaomba mlishike jambo hilo tangu mwanzo: watu hawakuacha kuitaka sendika, ila njia ya kuifikia na kuidumisha iliharibiwa, mara nyingine na waajiri na wabunge, mara nyingine na viongozi wa sendika wenyewe.

Tafuteni kwanza palipovunjika

Mwaka 1935, wakati wa Rais Franklin Roosevelt, Marekani ilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi haki ya kuunda sendika na kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Tarehe 30 Desemba 1936, wafanyakazi wa General Motors katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, walikaa ndani ya viwanda vyao wakakataa kutoka, na baada ya siku 44 kampuni hiyo ikakubali kuitambua UAW, sendika yao ya wafanyakazi wa magari. Ushindi huo uliwafungulia watu mlango, na katika miaka michache sekta nzima ya magari, chuma na mpira ikawa na sendika.

Lakini sheria yenyewe ilikuwa na matundu. Wafanyakazi wa mashambani na wa nyumbani waliachwa nje, na katika majimbo ya kusini hao walikuwa kwa sehemu kubwa watu weusi. Kisha mwaka 1947 Bunge likapitisha sheria ya Taft-Hartley, ingawa Rais Truman alikuwa ameikataa. Sheria hiyo iliyapa majimbo ruhusa ya kufuta mikataba inayomtaka kila anayefaidika na sendika aichangie, na leo majimbo 26 yanaitumia ruhusa hiyo. Tena ikawakataza wafanyakazi wa kampuni moja kugoma ili kuwasaidia wa kampuni nyingine. Matokeo yake yalichukua muda kuonekana, lakini yalikuwa mazito: kila kiwanda kilibaki kupigana peke yake, na mwajiri aliyechoshwa na sendika ya kaskazini aliweza kuhamishia kazi kusini, ambako sendika ni dhaifu, na baadaye Mexico au Asia. Mashine nazo zikachukua nafasi za watu katika viwanda na migodi ileile ambayo ilikuwa ngome ya wanasendika.

Pigo ambalo kila Mmarekani wa umri wa kutosha analikumbuka lilitokea Agosti 1981. Waongozaji wa ndege, ambao walikuwa watumishi wa serikali, waligoma kinyume cha sheria, na Rais Ronald Reagan akawafukuza zaidi ya 11,000. Waajiri binafsi walielewa ujumbe huo mara moja. Migomo mikubwa, yaani ile ya watu 1,000 na zaidi, ilikuwa 470 mwaka 1952. Mwaka 2009 ilikuwa 5 tu katika nchi nzima.

Sitaki msomaji afikiri kwamba mambo yote yalitoka nje. Sendika nyingi zilikuwa zimegeuka ofisi za huduma, ambapo mwanachama anakatwa mchango, anapigiwa simu na mtu asiyemfahamu, na anaitwa mkutanoni pale tu mkataba unapokaribia kwisha. Katika UAW, marais wawili wa zamani walihukumiwa kifungo mwaka 2021 kwa kula fedha za wanachama. Kwangu mimi hilo ni jeraha kubwa kuliko yote ya waajiri, kwa sababu mwajiri kuipinga sendika ni jambo la kutazamiwa, lakini kiongozi anayekula mchango wa mfanyakazi wa zamu ya usiku anaua imani ambayo haitarudi kwa hotuba.

Kwetu historia ilipita njia nyingine ikafika palepale. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliunganisha sendika zote katika moja, ambayo baadaye iliitwa UNTZA, na mfanyakazi akawa mwanachama bila kuulizwa. Baada ya Aprili 1990 sendika ziliruhusiwa kuwa nyingi, na leo tunazo UNTC, CDT, CSC na nyingine nyingi mno. Lakini mazoea ya kungoja mambo kutoka juu hayakuondoka. Mwaka 2003 na 2004, wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walipoondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wengi walijadiliana na hatima yao kila mtu nyumbani kwake, kana kwamba sendika haikuwapo.

Hesabuni watu wote wanaopita getini

Kazi ya kwanza haihitaji ruhusa ya mtu wala fedha. Chukueni daftari kubwa, mchore mahali pa kazi kama palivyo: atelye, depo, kantini, ofisi, maegesho ya malori, geti la walinzi. Katika kila kipande andikeni majina ya wanaofanya kazi hapo, zamu zao, nani anawalipa, na tangu mwaka gani. Msiridhike na orodha mnayoikumbuka kichwani. Mara nyingi watu mliowasahau ndio wanaofanya kazi usiku, au wanawake wanaosafisha ofisi kabla ninyi hamjafika.

Baada ya majina, tafuteni katika kila timu mtu ambaye wenzake humwendea wanapopata shida. Waandaaji wa sendika wa Marekani wanaitilia mkazo hatua hii kuliko nyingine zote, na wana haki. Mtu huyo si lazima awe mwenye kusema sana mkutanoni, wala anayemtukana mkubwa wa kazi mbele ya watu. Mara nyingi ni mama mmoja wa makamo ambaye watu humwuliza kama wasaini karatasi fulani au waiache, au ni dereva ambaye akisema basi halitaondoka, wengine nao hawapandi. Ulizeni watu watatu tofauti katika timu moja: “Ukionewa hapa kazini, wa kwanza kumwambia ni nani?” Jina likirudi mara tatu, mmeshampata.

Sasa tunafika penye uzito. Katika viwanda vya Marekani, kazi za usafi, ulinzi, chakula na uchukuzi zilianza kukabidhiwa kwa kampuni nyingine ndogo, hata mtu anayefunga matairi na mtu anayefagia chini yake wakawa na waajiri wawili, mishahara miwili na hakuna mkataba mmoja unaowagusa wote. Sendika iliyowatetea wa kwanza na kuwaacha wa pili ilijikuta miaka 20 baadaye ikiwatetea wachache ndani ya umati. Hapa Katanga hali hiyo tunaijua vizuri. Migodini, watu wengi wanaoingia kwa basi alfajiri hawakuajiriwa na kampuni yenye mgodi. Wanaletwa na wakandarasi, na ukiwauliza juu ya mkataba wengi watakuambia hawajapewa nakala. Ndiyo maana ninasisitiza: daftari lenu likiwa na waajiriwa wa moja kwa moja peke yao, mmeanza kwa kujikata mguu.

Kuhusu vibarua, sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 ina kifungu ambacho kila mtu anapaswa kukijua kwa moyo. Kibarua aliyekwisha kufanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijakwisha, anahesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mkataba usio na kikomo. Sheria hiyohiyo haikubali mkataba wa muda utumike kwa kazi ya kudumu. Tatizo ni ushahidi, kwa kuwa mwajiri ndiye anayeshika orodha ya mahudhurio. Kwa hiyo mfundisheni kila kibarua kuwa na kidaftari chake, na kila jioni aandike mstari mmoja: tarehe, saa aliyoingia na aliyotoka, kazi aliyofanya, jina la msimamizi, fedha aliyopokea, na jina la mwenzake mmoja waliyekuwa pamoja. Kidaftari chenye mistari ya kila siku, kilichoandikwa kwa kalamu tofauti na chenye alama za jasho na grisi, kina nguvu mbele ya enspekta wa kazi, yaani mkaguzi wa serikali, kuliko maneno ya watu kumi wanaosema kwa pamoja.

Anzeni na jambo ambalo mtu anaweza kuligusa

Msimwendee mwenzenu na hotuba juu ya haki za wafanyakazi. Nendeni nyumbani kwake, katika mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Ruashi au popote anapokaa, wawili wawili, siku ya mapumziko yake, na mmwombe alete karatasi yake ya mshahara. Wengi hawajawahi kuisoma mstari kwa mstari pamoja na mtu mwingine. Mazungumzo mazuri yanaweza kwenda hivi, kijana akizungumza na mzee wa zamu ya usiku juu ya primu, yaani nyongeza ya kazi ya usiku:

“Baba, mwezi uliopita ulifanya usiku ngapi?”

“Kumi na mbili.”

“Hapa kwenye mstari wa primu wameandika saba. Ulikuwa umeona?”

Mzee atachukua karatasi, ataisogeza kwenye mwanga, atahesabu tena kwa vidole. Mwacheni ahesabu. Msiyajaze kwa maneno yenu yale anayoyatafakari, kwa maana anayegundua mwenyewe kwamba amekatwa hahitaji kushawishiwa.

“Na wenzako wa timu, baba, wao wamehesabiwaje?”

“Sijawauliza.”

“Unaweza kuwauliza wawili kesho, halafu tuonane Jumapili baada ya misa?”

Swali hilo la mwisho ndilo linalobeba kazi yote. Mazungumzo yanayomalizika bila mtu kupewa jambo dogo la kufanya, tena lenye siku yake, yanabaki malalamiko ya kawaida, na malalamiko tunayo ya kutosha. Jumapili mkirudi mkakuta amewauliza wawili, mmepata mwanachama, hata kama hajasaini kadi. Mkikuta hakuuliza, msimlaumu. Mwulizeni alichoogopa, kwa kuwa hofu yake ndiyo itakayokuwa hofu ya wengine, na mnapaswa kuwa na jibu la kweli.

Chagueni jambo ambalo linawagusa wengi, linaeleweka bila maelezo marefu, na mnaweza kulishinda ndani ya miezi michache: primu ya usiku, viatu vya usalama, maji ya kunywa katika eneo la kazi, basi linalochelewa halafu muda unakatwa kwenye mshahara. Yale makubwa, kama kupandisha mishahara yote, yatafuata pindi watu watakapokuwa wameonja kushinda.

Pimeni nguvu zenu kabla mwajiri hajazipima

Katika sheria ya Marekani, asilimia 30 ya wafanyakazi wakisaini kadi za kuitaka sendika, kura ya kuikubali au kuikataa inaweza kuitishwa. Waandaaji wenye uzoefu hawaombi kura kwa idadi hiyo. Wanangoja hadi wawe na asilimia 65 au 70, kwa sababu wanajua kwamba kati ya siku ya ombi na siku ya kura mwajiri atawaita watu kwenye mikutano, atawatisha wengine, atawaahidi wengine, na sehemu ya waliosaini watarudi nyuma.

Angalieni mifano mitatu. Mwaka 2021, katika ghala la Amazon huko Bessemer, Alabama, sendika ilishindwa kwa kura 1,798 dhidi ya 738, baada ya kampeni iliyotegemea sana kuwasimamisha watu getini na habari za magazeti, na kidogo sana mazungumzo ya ana kwa ana. Mwaka uliofuata, katika ghala la Staten Island huko New York, wafanyakazi wenyewe, wakiongozwa na Chris Smalls aliyekuwa amefukuzwa hapo, walipika chakula, wakakaa kwenye kituo cha basi, wakazungumza na wenzao kwa miezi mingi, wakashinda kwa kura 2,654 dhidi ya 2,131. Hata hivyo kushinda kura hakukuwapa mkataba, kwa maana sheria ya huko inamtaka mwajiri ajadiliane bila kumlazimisha akubali chochote, na adhabu ya kuchelewesha ni ndogo mno. Mfano wa tatu ni kiwanda cha Volkswagen huko Chattanooga, Tennessee: UAW ilishindwa mwaka 2014, ikashindwa tena mwaka 2019, na Aprili 2024 ikashinda kwa kura 2,628 dhidi ya 985. Kilichobadilika ni kwamba safari ya tatu kulikuwa na kamati ya wafanyakazi katika karibu kila kona ya kiwanda.

Kwetu kipimo kinaweza kuwa chepesi. Andikeni barua ya mistari mitano kuhusu jambo mlilochagua, kisha mhesabu ni wangapi wanaisaini kwa jina lao kamili. Kabla ya hapo mnaweza kupima kwa jambo dogo zaidi, kama vile watu wote wa zamu moja kuvaa kitambaa cha rangi moja mkononi siku ya Ijumaa. Timu ambayo hakuna aliyevaa inawaonyesha pa kurudi kufanya kazi. Msiipeleke barua ikiwa imesainiwa na theluthi tu. Itakuwa imemwonyesha mwajiri udhaifu wenu pamoja na orodha ya majina.

Delege, sheria na karatasi

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inaitambua haki ya sendika katika kifungu cha 38 na haki ya kugoma katika kifungu cha 39. Kongo imeridhia pia mikataba namba 87 na 98 ya Shirika la Kazi Duniani, ambayo Marekani haijairidhia hadi leo. Kwa maandishi, basi, mfanyakazi wa Lubumbashi ana kinga ambazo mwenzake wa Alabama hana. Kati ya kinga hizo iliyo muhimu zaidi ni ile ya delege, yaani mfanyakazi aliyechaguliwa kuwasemea wenzake: mwajiri hawezi kumfukuza delege aliyechaguliwa bila kwanza kupitia kwa enspekta wa kazi.

Kinga hiyo inamlinda mtu mmoja, na hapo ndipo hatari yake inapoanza. Delege asiyeweza kufukuzwa, anayekaa meza moja na wakubwa na kuitwa kwa jina la heshima, anaweza kusahau aliyemtuma. Nimeona madelege wakitoka katika kikao na bahasha, na watu wakitangaziwa uamuzi ukiwa umekwisha kusainiwa. Wekeni kanuni tangu siku ya kwanza, mziandike na kuzisaini: delege haendi kwa mwajiri peke yake hata siku moja, kila kikao kina mwandishi kutoka kwenu, muhtasari unasomwa kwa Kiswahili kwa kila zamu kabla ya siku tatu kupita, hakuna saini bila watu kuulizwa. Wagombea wa udelege kwa kawaida huwekwa na sendika zilizosajiliwa, kwa hiyo kabla ya kujiunga na sendika yoyote ya mjini, waulizeni viongozi wake kama watakubali kanuni hizo. Wakisita, nendeni kwa nyingine.

Kila jambo liwe na karatasi. Barua kwa mwajiri iwe na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, au walau saini na tarehe ya aliyeipokea. Makatibu wengi wa ofisi hukataa kusaini. Hapo nendeni watu watatu, mwandike wenyewe nyuma ya nakala yenu siku na saa mliyoiacha. Maandishi ya kisheria ni ya Kifaransa, na si kila mtu anakisoma kwa raha, kwa hiyo mchagueni mmoja mwenye subira awe msomaji wenu, asome kifungu na kukieleza kwa Kiswahili bila kuongeza lake.

Fedha

Katika hili nitasema kwa ufupi. Mchango uwe mdogo, ujulikane, na utolewe kwa hiari iliyoandikwa. Kama unakatwa kwenye mshahara, dai orodha ya kila mwezi ya fedha zilizokatwa na mahali zilikokwenda. Sehemu fulani ibaki mahali penu pa kazi. Mnaweza kuiendesha kama likelemba, ambayo kila mama wa soko la Kenya anaijua, yaani watu wanahesabu fedha mbele ya wote, daftari linasomwa kwa sauti, na anayeshika ufunguo wa sanduku si yule anayeshika daftari. Baada ya kashfa yao, wanachama wa UAW walipata haki ya kumchagua rais wao kwa kura ya kila mtu, na mwaka 2023 wakamchagua Shawn Fain, ambaye hakuwa chaguo la uongozi wa zamani. Bila mabadiliko hayo, mgomo ninaoueleza hapa chini haungetokea.

Mgomo

Sheria yetu inataka mgogoro wa pamoja upitie usuluhishi mbele ya enspekta wa kazi, na ukishindikana upitie upatanishi, ndipo mgomo ufuate. Mgomo unaoanza kabla ya hatua hizo unampa mwajiri sababu ya kuwafukuza watu, na sitamshauri mtu yeyote auanze kwa hasira ya siku moja. Jambo la waongozaji wa ndege wa mwaka 1981 linatuonya vilevile: walikuwa na umoja kati yao wenyewe, lakini sheria ilikuwa dhidi yao, na sendika nyingine hazikusimamisha kazi kwa ajili yao.

Katika mji huu hatuna budi kulizungumza jambo hili kwa heshima. Mwezi Desemba 1941, wakati mji ukiitwa Élisabethville, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa pamoja na makumi ya wenzake. Hawakuwa na sendika iliyotambuliwa, kwa sababu Mwafrika hakuruhusiwa kuwa nayo. Wanaosema kwamba sendika ni jambo la Wazungu lililoletwa kwetu wakumbushwe uwanja huo.

Mgomo uliofaulu zaidi Marekani katika miaka ya karibuni ulianza tarehe 15 Septemba 2023. UAW haikuwatoa wafanyakazi wote wa kampuni tatu za magari, Ford, General Motors na Stellantis, kwa siku moja. Ilianza na viwanda vitatu, watu wapatao 13,000 kati ya karibu 146,000, kisha ikaongeza viwanda vingine kidogo kidogo kila mwajiri alipokawia, hata kampuni hazikujua ni wapi patakaposimama wiki inayofuata. Aliyegoma alilipwa dola 500 kwa wiki kutoka mfuko wa sendika. Baada ya wiki sita hivi walipata nyongeza ya asilimia 25 hadi Aprili 2028, ambapo asilimia 11 zilitolewa papo hapo, na muda wa kufikia mshahara wa juu ukapunguzwa kutoka miaka 8 hadi 3. Kampuni zisizo na sendika, kama Toyota na Honda, zilipandisha mishahara mara moja ili watu wao wasitamani.

Sisi hatuna mfuko wa aina hiyo, na hatuwezi kujidanganya. Kabla ya kutangaza mgomo, zungukeni nyumba kwa nyumba mkahesabu magunia: ni familia ngapi zina unga wa wiki mbili, nani ana mgonjwa, nani anadaiwa kodi. Mkiona theluthi ya watu hawatafika siku ya kumi, tafuteni namna nyingine ya kubana, kama vile kukataa kazi za ziada au kufuata kanuni zote za usalama neno kwa neno, jambo ambalo katika migodi mingi linapunguza kasi ya kazi bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Vukeni ukuta wa kampuni

Wanaotafakari mustakabali wa sendika za Marekani wanazidi kukubaliana kwamba kupigana kiwanda kimoja kimoja hakutoshi. Baadhi wanataka mazungumzo ya sekta nzima, ili mshahara wa chini uwe mmoja kwa kampuni zote na mwajiri asipate faida kwa kukimbia. Bunge lao linaweza lisikubali kwa miaka mingi. Kwa hiyo Fain alipendekeza njia isiyohitaji sheria mpya: mikataba ya UAW inaisha tarehe 30 Aprili 2028, na sendika nyingine zimeombwa zipange mikataba yao iishe siku hiyohiyo, ili Mei Mosi 2028 ziwe huru kugoma kwa pamoja bila kuivunja sheria ya mwaka 1947.

Sisi tumo ndani ya jambo hilo kuliko tunavyodhani. Katika mkataba wa mwaka 2023, mojawapo ya madai makubwa lilikuwa viwanda vya betri za magari ya umeme viingizwe katika mkataba wa sendika. Betri nyingi za aina hiyo zinahitaji kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa kwetu. Shirikisho la IndustriALL, lililoundwa mwaka 2012, linaziunganisha sendika za migodi na viwanda vya nchi nyingi. Sendika mtakayoichagua ikiwa ni mwanachama wake, dai ikuletee taarifa za mikataba ya kampuni ileile katika nchi nyingine.

Mnaweza kuanza na jambo dogo la karibu zaidi. Tafuteni nakala ya mkataba wenu wa pamoja, muangalie tarehe unapokwisha au inapofunguliwa mazungumzo mapya, na muiandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Kisha watumeni watu wawili kwa wafanyakazi wa kampuni jirani, na kwa wakandarasi wanaopita geti moja na ninyi, waulize tarehe yao. Zikiwa zinatofautiana, dai la kwanza katika mazungumzo yajayo, hata kabla ya fedha, liwe kuzisogeza zikutane.